Libérat Ntahomvukiye, Mlezi wa Wanafunzi Waliokwama Ng'ambo

"Lisiandikwe," alisema Mzee Ponsian. "Nimeshasema, Mama. Jina la Immaculata lisiguse karatasi hiyo."

"Na mimi nimeshasema litaandikwa," alijibu Bibi Dafrosa. "Wewe Ponsian nilikubeba mgongoni kutoka Burundi, hukuniuliza njia. Leo ndiyo unanionyesha njia?"

"Mama, hiki kitu kitasomwa kaburini. Watu watakipiga picha, kitaingia WhatsApp, kitavuka ziwa kabla ya boti. Wale wenye bunduki nao wana simu."

"Wanazo, tena nzuri."

"Basi unataka wasome kwamba binti yangu yuko hai na amejificha?"

Bibi Dafrosa aligeuka kutazama barabara. Alivuta kanga, akaifunga upya kiunoni. Tangu vita ya ng'ambo ianze alikuwa amejifunga hivyo mchana na usiku, kama mtu anayetegemea kuondoka saa yoyote. Pikipiki ikipita barabarani, turubai zima la msiba lilinyamaza mpaka ipotee.

Ilikuwa Jumapili mchana, tarehe 23 Machi 2025, na mazishi ya Libérat, kaka yake Immaculata, yalikuwa kesho yake. Mwili wa marehemu ulikuwa bado Mpanda mjini. Mwalimu Deusdedit, binamu wa marehemu, alikaa na kalamu na karatasi tupu, maana bibi ndiye aliyemlea marehemu na ndiye aliyejua mambo yake, ila kuandika hakufundishwa.

"Deusi," alisema bibi, "anza na aliyekufa. Aliye hai tutamfikia."

Deusdedit aliinamia karatasi. Ndipo wasifu huu ukaanza.

Marehemu Libérat Ntahomvukiye alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Mei 1988 katika makazi ya Katumba, Mpanda, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ponsian na marehemu mkewe. Wazazi wake waliletwa hapa wakiwa watoto wadogo, makazi yalipofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu waliokimbia Burundi mwaka uliotangulia. Bibi Dafrosa husema walipofika mto Malagarasi hapakuwa na mtumbwi, akaongea na kiboko mmoja mzee, kiboko akawavusha, akakataa hata nauli. Wajukuu wote wamekulia kwenye hadithi hiyo. Libérat alipokuwa na miaka sita alimwita bibi yake kwa lugha ya nyumbani, "Nyogokuru, kiboko alijuaje Kirundi?" Bibi akamjibu kwamba viboko wote ni wakimbizi, wametoka mto mmoja wakaenda mwingine, lazima wajue lugha mbili. Mtoto akaridhika. Tangu siku hiyo bibi akamwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu wa kiume, akasema huyu ndiye mume wa kuzeeka naye kwa sababu anauliza swali moja tu, haongezi la pili.

Lakini ziko hadithi ambazo bibi hakuzitia chumvi. Hizo alizisema chini kwa chini wakati wa kupukuchua mahindi, tena alizisema kwa namna moja kila mara, bila kuongeza kiboko wala mamba. Alisema mwaka ule wa 1972 lilikuja lori. Juu yake alisimama mtu mwenye karatasi, akasoma majina. Mume wake alisikia jina lake, akajibu "Niko hapa," kama mtu mwenye adabu. Akapanda. Hakurudi. "Basi nyie," bibi aliwaambia wajukuu, "siku mkisikia lori na mtu anasoma majina, hamna majina. Lala chini. Hata akiita kwa upole. Hasa akiita kwa upole."

Libérat alisoma shule ya msingi hapa hapa Katumba kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, sekondari Mpanda mjini hadi 2006, kidato cha tano na sita Tabora, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea afya ya jamii, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 2012. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na Immaculata, dada yake wa pekee, alikuwa bado mtoto wa darasa la pili. Kila likizo Libérat alirudi na madaftari ya dada yake kwenye begi na kitu cha bibi mfukoni.

Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Siku moja alipokuwa darasa la sita tembo wa mbugani alitokea barabarani wakati watoto wanakwenda shule. Wenzake walitaka kutawanyika. Libérat aliwapanga mstari, wadogo mbele, yeye nyuma kabisa, wakapita pembeni polepole bila mtu kukimbia. Bibi huongeza kwamba tembo alipoona mstari ulivyonyooka alidhani ni mkaguzi wa elimu, akasimama wima. Hilo mtalipima wenyewe. Ila la kukaa nyuma ni kweli, na walioliona wamo humu msibani.

"Punguza tembo, Mama," alisema Mzee Ponsian. "Padri atakuwepo."

"Padri ametoka Sumbawanga, anawajua tembo. Andika."

Mwaka 2014 familia ilipopata uraia wa Tanzania, Bibi Dafrosa alichukua cheti chake kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nge, kwa sababu kilikuwa na jina lake. Libérat alikaa naye mchana mzima akimweleza kwamba ziko karatasi za kukuchukua na ziko karatasi za kukulinda. Bibi alisikiliza, akakubali, kisha akakizika cheti ndani ya pipa la mahindi.

Mwaka 2015, baada ya shahada ya pili, marehemu aliajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu, na baada ya miaka mitatu akaongezewa kazi ya kuongoza ofisi ya wanafunzi na walimu walioko nje ya nchi. Watu wengi hapa kijijini walidhani kazi hiyo ni ya kupanda ndege. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kazi ya kungoja simu. Kijana wa chuo akiwa katika nchi ya watu, serikali ikapinduliwa au risasi zikaanza kulia, aliyepigiwa kwanza ni Libérat. Yeye alitafuta ubalozi, alitafuta gari, aliomba wenye nyumba wasimfukuze mtu kwa kodi, aliwabembeleza walimu wasogeze mitihani, na kila mzazi alimwekea mtu mmoja ofisini wa kuzungumza naye, yule yule kila siku, ili mzazi asihangaike kujieleza upya kwa sauti ngeni. Mwaka 2023 vijana waliporudishwa kutoka Khartoum, alikuwa uwanja wa ndege na mablanketi. Mwanafunzi mmoja alimwambia, "Mwalimu, hapa Dar kuna joto." Akamjibu, "Najua. Jifunike tu." Kijana akajifunika, ndipo akaweza kulia.

Marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 9 Septemba 2017 mjini Mpanda na Happiness, binti wa kata ya Kawajense, muuguzi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Martin na Angela. Bibi Dafrosa alikwenda harusini akatangaza mbele ya wageni kwamba yeye ni mke mkubwa, hajaombwa ruhusa, na anadai vitenge. Happiness alipiga magoti akampa. Tangu hapo wake wenza hao wamepatana kuliko wake wenza wowote wa mkoa huu. Ijumaa mumewe alipokata roho, Happiness hakuangukia kifuani kwa mama yake mzazi. Aliangukia hapa, kwenye kanga hii ya bibi iliyofungwa safari.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Alikibeba bila manung'uniko. Dawa yake huhitaji ubaridi, na alipokuja Katumba aliiweka kwenye chungu kilichofunikwa kitambaa cha maji. Bibi alikilinda chungu hicho dhidi ya watoto, mbuzi na jua.

Mwezi Februari mwaka huu Libérat alivuka ziwa na wanafunzi wa afya kwenda kwenye mafunzo ya vitendo katika mji mmoja wa ng'ambo. Bibi hataki jina la mji huo litajwe hapa, maana nyoka haitwi kwa jina lake. Immaculata, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu wa uuguzi katika chuo cha kaka yake, alikuwa miongoni mwao. Yeye alipangiwa zahanati iliyo nje ya mji, mlimani.

Mapigano yalipoukaribia mji, chuo hakikulala. Walipiga simu kwa kila mzazi. Kwa familia hii alipangwa Amira, mfanyakazi wa ofisi ya marehemu.

"Shikamoo Bibi. Naitwa Amira, nimepangiwa familia yenu."

"Marahaba. Umepangiwa na nani? Sisi siyo zamu ya kudeki."

"Ni utaratibu wa chuo, Bibi. Nitakupigia kila siku saa nne asubuhi. Hata kama sina habari, nitakupigia nikuambie sina habari."

"Sasa hiyo ni simu ya nini?"

"Ni ili usikae ukibuni, Bibi."

Bibi, ambaye kubuni ndiyo kazi yake ya miaka yote, aliahidi kupokea. Tangu siku hiyo Amira hakukosa saa nne hata mara moja. Siku nyingine walikaa kwenye simu bila kusema kitu, mmoja huku anapepeta mchele, mwingine huko anapumua. Bibi alisema kumsikia mtu wa chuo anapumua kulimtosha kufika jioni.

Umeme ulikatika mji mzima. Libérat aliwakusanya wanafunzi kwenye ukumbi wa parokia, akagawa chakula, akawaambia chuo kimekubaliana na Feisal, mwenye boti wa Ikola, ufukweni upande wetu, kwamba atavuka kuwachukua. Jambo moja hakulisema kwa mtu yeyote. Dawa yake ilikuwa imeharibika kwa joto.

Asubuhi ya kuondoka, chuo kilituma lori la kukodi kuwakusanya waliokuwa zahanati za nje. Mbele alikaa kiongozi wa msafara, mtu mwema, mwenye kipaza sauti na majina yote, ili asisahaulike mtu hata mmoja. Ulikuwa utaratibu mzuri. Kila walipofika alisoma majina, vijana wakatoka mbio, wakapanda, wakashukuru Mungu. Walipofika zahanati ya mlimani akasoma, "Immaculata! Immaculata Ntahomvukiye! Toka, tuko salama!" Akarudia kwa upole.

Hakutoka mtu.

Mwenzake wa chumba alisema Immaculata alikuwa pale pale, anafunga begi, mpaka liliposikika lori. Begi lilibaki wazi. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Lori lilirudi parokiani bila yeye. Walipomweleza Libérat jinsi walivyoita, alishika kichwa. Yeye alipukuchua mahindi yale yale. Alijua mdogo wake amelala mahali kifudifudi, hana jina, anangoja lori liondoke. Chuo kilikuwa kimeagiza wasichelewe, boti ilikuwa inangoja na milio inasogea. Libérat aliwakabidhi wanafunzi kwa mwalimu mwenzake, akapanda mlima kwa miguu. Wanafunzi wawili walikaidi, wakamfuata kwa mbali. Wamesimulia kwamba hakuita jina. Alipita katikati ya mihogo nyuma ya zahanati akisema Kirundi taratibu, kama anaongea peke yake. Alikuwa anasimulia habari za kiboko. Alisimulia, akasimama kusikiliza, akasimulia tena. Baadaye sauti ikakatika. Walimkuta amekaa chini, mdomo umekauka, hawatambui. Wakambeba mpaka majini.

Boti ilifika Ikola jioni ya Jumatano tarehe 19 Machi, na wanafunzi wote walikuwemo isipokuwa mmoja. Chuo kilikuwa kimemtuma Amira hapo ufukweni pamoja na daktari na gari. Marehemu alikimbizwa hospitalini Mpanda usiku ule. Wauguzi walipambana, na Happiness mwenyewe alivaa sare akapambana pamoja nao. Alhamisi alipata fahamu kidogo, akamwona bibi yake ameketi.

"Wamefika?" aliuliza.

"Wamefika, mume wangu. Wanakula wali na dagaa, wanalalamika chumvi."

"Immaculata?"

Bibi Dafrosa, ambaye amewahi kusema uongo kwa askari wa mpakani, kwa bwana tumbaku na kwa askofu, aliutafuta uongo mmoja wa kumpa, hakuupata. Alimshika tu mkono. Libérat alimtazama, akafumba macho. Alifariki dunia Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, alfajiri.

Wanafunzi aliowavusha wako hapa chini ya turubai. Chuo kimewapa washauri wa kuongea nao, kimesogeza mitihani yao, kimegharamia jeneza na magari, na familia inakishukuru. Amira hakuja. Baada ya kumfikisha marehemu hospitalini usiku ule alirudi Ikola, anaamkia ufukweni, kila mtumbwi ukitoka ng'ambo anauliza. Jana saa nne alipiga, akasema hana habari. Leo saa nne imepita, simu haikulia. Hapa hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kila mmoja ameitazama simu ya bibi iliyo juu ya mkeka, akatazama pembeni.

Libérat alitanguliwa na mama yake mzazi. Ameacha mke, Happiness. Ameacha watoto, Martin na Angela. Ameacha baba, Mzee Ponsian. Ameacha bibi, Dafrosa, ambaye zamu ya kuondoka ilikuwa yake, na amekasirika sana kurukwa. Ee Mungu, mpokee huyu mtoto aliyezoea kukaa nyuma ya mstari. Leo mpitishe mbele, alale, asiamke tena kwa simu ya mtu.

"Tumemaliza," alisema Mzee Ponsian.

"Hatujamaliza. Deusi, rudi kwenye walioachwa. Weka dada."

"Mama, nakuomba. Ni wewe uliyetufundisha kwamba jina kwenye karatasi ni kifo."

"Nilifundisha, na mtoto akashika. Kwa hiyo yuko hai, kwa sababu mtoto anayeshika mafundisho namna ile hafi kizembe. Lakini amejificha hata gari la chuo chake lilipomfuata. Sasa na sisi tukimficha, nani atamwita? Wenye bunduki hawamtafuti Immaculata, Ponsian. Wao wanautafuta mji. Immaculata tunamtafuta sisi tu."

"Na kama…" Mzee Ponsian hakulimalizia.

"Kama nini? Sema."

"Kama hayupo, Mama. Tutakuwa tumemwandika hai kwenye msiba wa kaka yake. Nitaisomaje karatasi hiyo nikiwa mzee?"

Bibi alimsogelea mwanawe, akakaa chini karibu naye kama alivyokaa naye njiani zamani.

"Utaisoma," alisema. "Na nisipoliweka, kesho watu wakirudi kaburini watakuwa wamezika wawili, mmoja bila hata jeneza. Hilo utalisomaje?"

Mzee Ponsian alifuta uso kwa kiganja. Kisha akamwambia Deusdedit, bila kumtazama, "Weka jina. Mahali alipopangiwa usipaweke. Na pale juu, zahanati, mlima, vyote uvitoe."

"Nitavitoa kwenye nakala ya kuchapa," alisema Deusdedit.

"Vitoe. Haya, andika," alisema bibi. "Ameacha dada yake mpendwa, Immaculata, ambaye…"

Deusdedit aliandika, akangoja. "Ambaye nini, Nyogokuru?"

Pikipiki ilikuja barabarani. Turubai likanyamaza, likangoja ipite. Haikupita. Injini ilizimwa hapo hapo mlangoni, na mtu akaingia bila kupiga hodi, msichana mwenye hijabu iliyojaa vumbi jekundu la barabara ya Ikola. Mbali na wanafunzi, hapa msibani alimjua Happiness peke yake, aliyemwona hospitalini, lakini watu wote walimtambua. Alivua viatu. Alipita katikati ya wanawake waliokaa chini, nao wakakunja miguu kumpisha, mpaka alipofika kwenye mkeka wa bibi akapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi," alisema Amira.

Hiyo sauti bibi alikuwa anaijua. Aliinua mkono kumzuia asiseme neno jingine, akamgeukia Deusdedit.

"Jina umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Wino umekauka, haufutiki?"